Uzi: Kufufua eneo la wazi la mtaa na jengo la pamoja. Ramani, maji ya mvua, zege, na nani anashika ufunguo

#1 Mpangamji

Wakuu, salaam.

Swali la kufufua viwanja vya wazi likiulizwa humu, majibu mengi huanzia kwenye mabenchi, rangi na bembea. Fedha nyingi hupotelea hapohapo. Eneo la wazi la mtaa hufa kwa sababu tatu: maji yanatuama, hakuna mwenye uhakika ni la nani, na hakuna aliyepewa kazi ya kulitunza. Nitaandika kwa mfano wa Dar es Salaam. Wa Unguja, Nairobi na kwingine mtajazia.

Ardhi kwanza. Kabla ya kupanda hata mche mmoja, nendeni na mtendaji wa mtaa kwa afisa mipangomiji wa halmashauri. Ombeni kuona vitu viwili: mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa na ramani ya upimaji. Havifanani. Mchoro unaonesha matumizi yaliyopangwa (eneo la wazi, shule, soko). Ramani ya upimaji inaonesha mipaka iliyopimwa na bikoni zake (alama za mpaka ardhini). Eneo linaweza kuwa la wazi kwenye mchoro na bado halijapimwa, na uvamizi hupenyea hapo. Kama bikoni hazionekani, ombeni mpima ardhi azirudishie. Msinyooshe kamba kwa kukadiria kutoka ukuta wa jirani, kwa sababu ukuta wenyewe unaweza kuwa umeshaingia ndani.

Kagueni pia vinavyopita juu na chini: nyaya za TANESCO, mabomba ya DAWASA, hifadhi ya barabara. Kama kuna mto au ufukwe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kamati inayojenga choo cha tofali mita 20 kutoka ukingo wa mto inajenga kitu kitakachovunjwa, na mafuriko yanaweza kukifikia kabla ya tingatinga.

Mkishajua hadhi ya eneo, peleka hoja kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, andikeni muhtasari, uambatane na orodha ya waliohudhuria na sahihi zao. Muhtasari huo ndio mtakaoombwa kila mlango mtakaobisha: halmashauri, benki, mfadhili. Kisha ombeni kibali cha maandishi kutoka halmashauri kinachotaja matumizi na muda. Ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti huisha na uchaguzi wake.

Hesabu ya watu. Kaeni pale siku tatu: siku ya kazi, Jumamosi na Jumapili. Kila siku hesabuni mara nne: saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni, saa 2 usiku. Andikeni wanawake, wanaume, watoto, wazee na wenye viti vya magurudumu kwenye safu tofauti, na wanachofanya: wanapita, wanakaa, wanauza, wanacheza, wanatupa taka. Chora njia zinazotumika kwa miguu. Njia iliyokanyagwa mpaka majani yakafa inakuambia watu wanataka kupita wapi. Ukiiziba kwa bustani, watapita juu ya bustani.

Na ninasema hili kwa uzito: mama lishe, wauza matunda na bodaboda waliopo pale wanahesabiwa kama watumiaji. Mpango unaoanza kwa kuwafukuza unaondoa macho yanayolinda eneo mchana kutwa.

Sehemu ya maji, sakafu na mabenchi namwachia FundiLevo.

#2 FundiLevo

Asante Mpangamji. Naanza na maji kwa sababu kila kitu kingine kinakaa juu yake.

Nendeni uwanjani mvua ikinyesha, au ndani ya saa moja baada ya kukatika. Chomeka vijiti pembezoni mwa kila dimbwi na upime kina kwa rula. Rudini baada ya masaa sita, tena baada ya siku moja. Dimbwi lililokauka ndani ya masaa sita halina shida. Lililobaki siku ya pili ndilo la kushughulikia. Dar masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo panga ukaguzi uangukie humo, na kazi ya udongo ifanyike Juni hadi Septemba.

Pia angalieni data za Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za kata zinazofurika Dar ulioanza 2015 kwa kutumia wanafunzi na wakazi. Mitaro na karavati nyingi zimeshawekwa kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, na mtu yeyote anaweza kuzifungua bure.

Kupima levo (usawa wa ardhi) hakuhitaji mashine. Mpira mwembamba unaoonesha ndani wa mita 15 hadi 20, jaza maji, hakikisha hakuna kiputo hata kimoja, na ncha mbili zitakaa kimo kimoja. Kiputo ndicho kinachoharibu vipimo: sentimita mbili za hewa zinaweza kukupeleka maji upande wa nyumba ya jirani. Mnataka mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kwenye sakafu ngumu. Pungufu ya hapo maji yatakaa kwenye mashimo madogo ya sakafu.

Yaende wapi? Hapo wengi huchimba shimo la kunyonya bila kupima udongo. Jaribio: chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 na kina cha 60, jaza maji, yaache yanywewe, jaza tena, kisha soma yanashuka kiasi gani kila nusu saa. Yakishuka sentimita 15 ndani ya nusu saa, ni mchanga na shimo la kunyonya litafanya kazi. Ukikuta maji asubuhi yake, ni mfinyanzi. Shimo litakuwa bwawa la mbu, tafuteni mtaro wa kupeleka nje. Na kama maji ya chini yako karibu (maeneo ya mabondeni mara nyingi huyakuta kabla ya mita 2), shimo la kunyonya lisijengwe kabisa.

Pevingi (sakafu ya bloku za zege). Msitandike uwanja mzima. Tandikeni njia kuu tu, upana mita 1.5 ili kiti cha magurudumu na mtu mwenye ndoo wapishane. Kwa bloku za sentimita 20 kwa 10, mita moja ya mraba inakula 50. Njia ya mita 60 kwa 1.5 ni mita za mraba 90, sawa na bloku 4,500. Ongeza asilimia 5 za kuvunjika na kukata, agiza 4,725. Unene milimita 60 kwa waendao kwa miguu, 80 pale gari la taka litakapoingia.

Tabaka kutoka chini: udongo wa asili umeshindiliwa, kifusi kizuri au moramu (udongo wa changarawe) sentimita 10 hadi 15, imwagiwe maji na kushindiliwa kwa kompakta, mchanga wa kulazia sentimita 3 hadi 4. Kwa njia hiyo ya mita za mraba 90 mchanga ni karibu mita za ujazo 3.5. Mwisho, mchanga mkavu unafagiliwa kwenye viungo na kompakta inapita tena.

Inaharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kukosa kerbu (mawe ya ukingo) pembeni. Bloku zinashikana kwa kusukumana, ukikosa kerbu iliyozikwa kwenye zege zinafunguka kutoka ukingoni, na mchanga unatoka na mvua. Ya pili ni kulazia mchanga mnene kuficha udongo usiosawazishwa. Mchanga wa sentimita 10 utabonyea kila gurudumu linapopita.

Benchi. Kimo cha kukalia sentimita 45, kina 40 hadi 45. Bamba la zege la mita 3 kwa sentimita 45, unene sentimita 8, ni mita za ujazo 0.108. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha bamba na kubaki kidogo. Weka nguzo tatu za tofali za nchi 6, si mbili. Nondo za milimita 10 zikae upande wa chini wa bamba zikiwa na zege la sentimita 2.5 chini yake. Nimeona michoro mingi nondo zikiwekwa katikati ya unene; pale hazifanyi kazi yake. Mwinamo wa sentimita 1 kwenda mbele ili maji yasikae. Mwagilieni siku 7 na mfunike kwa magunia. Benchi iliyokaliwa siku ya tatu hupata ufa usioonekana, mwaka wa pili nondo inaanza kutoa kutu.

Angalau benchi moja kati ya tatu iwe na mgongo na mahali pa kushika wakati wa kuinuka. Mzee asiyeweza kuinuka hatakaa.

#3 Mkwajuni

FundiLevo nashukuru, hasa hapo kwenye nondo. Naongeza miti maana ndiyo inayoamua kama uwanja utatumika saa 8 mchana.

Shimo sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu weka upande wake, wa chini upande wake. Rudisha wa juu uliochanganywa na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Panda wiki ya kwanza mvua zikikolea. Acha bakuli la udongo kuzunguka shina. Kiangazi cha kwanza lita 20 kwa mti mara mbili kwa wiki, na zimwagwe zote mara moja polepole. Kikombe kila siku kinafunza mizizi ikae juu.

Aina: mwarobaini unavumilia ukame na kivuli chake kizuri. Mkungu una kivuli kipana kama paa, ila unadondosha majani makubwa yanayoziba mitaro, kwa hiyo usiwe juu ya gata wala mtaro. Mzambarau usiwe juu ya pevingi wala maegesho, matunda yanatia madoa na kuteleza. Mvinje ni wa mchanga wa pwani. Mifikasi ile ya mapambo, ambayo watu wanaipenda kwa kukua haraka, iwekeni mbali kabisa na mabomba, chemba na misingi. Mizizi yake inafuata unyevu na kuinua sakafu.

Nafasi mita 6 hadi 8 kati ya mti na mti, mita 4 kutoka ukuta. Kizimba cha mabanzi au matete kimo cha mita 1.5 kwa sababu ya mbuzi. Kila mti upewe kaya moja yenye jina kwenye daftari. Miti "ya wote" hufa kiangazi cha kwanza.

#4 Kijana wa Mtaro

Wakuu naomba kuuliza. Eneo likiwa limegeuzwa gereji bubu na maegesho ya daladala usiku, tunazuiaje magari bila kujenga ukuta? Na je, ukuta una ubaya gani hasa?

#5 Mpangamji

Swali zuri, Kijana. Ukuta mrefu unaficha. Watu wanaopita nje hawaoni ndani, na wa ndani hawaoni wanaokuja. Eneo likishafichwa, wanawake na watoto wanaliacha kwanza, wanabaki wanaohitaji kujificha. Tena ukuta una lango, lango lina ufunguo, na mwenye ufunguo anaanza kukodisha.

Tumieni vizuizi vya zege: bomba la nchi 6 lililojazwa zege na nondo moja katikati, kimo cha sentimita 80 juu ya ardhi na 50 chini kwenye zege. Nafasi wazi kati ya kizuizi na kizuizi iwe mita 1.2. Kiti cha magurudumu kinapita, toroli linapita, gari halipiti. Acheni sehemu moja yenye kizuizi cha kung'oa chenye kufuli kwa ajili ya gari la taka na zimamoto, na nakala ya ufunguo iwe kwa mtendaji na kwa kamati. Pembeni pandeni michongoma, ikatwe isizidi sentimita 90.

Mafundi gereji wahusisheni kabla hamjaweka vizuizi hivyo. Wanahitaji mahali pengine, na halmashauri ndiyo yenye uwezo wa kuwaonesha. Mkiweka zege bila mazungumzo, zege litang'olewa usiku. Udongo uliolowa oili muutoe sentimita 20 hadi 30 za juu kabla ya kupanda chochote. Majani hayaoti pale.

#6 Bembea na Mchanga

Michezo ya watoto, kwa ufupi. Bembea ikiwa na bomba la juu kwenye mita 2.4, acheni mita 4.8 wazi mbele na mita 4.8 nyuma, yaani mara mbili ya kimo. Wengi wanaacha mita 2 na njia ya kupita inakatiza mbele yake, mtoto anayepita anapigwa kichwani. Chini pawe mchanga laini sentimita 30, ukingo wa matairi yaliyozikwa au mbao, kamwe si zege. Mchanga unahama chini ya bembea. Urudishwe kila wiki kwa reki. Miguu ya bembea ikae kwenye zege la sentimita 50 kwa 50, kina 60, na juu ya zege pafunikwe mchanga.

Matairi yatobolewe matundu chini, matatu au manne ya nchi moja. Tairi lisilotobolewa linashika maji na kuzalisha mbu wa Aedes, ndio wanaoeneza homa ya dengi. Chuma cha kuteremkia kielekee kaskazini au kusini chini ya kivuli. Kikipigwa na jua la mchana kinababua ngozi.

#7 Chokaa na Boriti

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimesoma kwa makini. Huku Mji Mkongwe, Unguja, tatizo letu kubwa ni majengo ya pamoja: nyumba za wakfu zenye familia nyingi ndani, ngazi moja, ua mmoja, dari moja. Hakuna anayejiona mwenye wajibu wa dari, na dari ndiyo inayoua nyumba.

Mji huu uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, kwa hivyo ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe inatakiwa kabla hata ya kupiga lipu. Na kama nyumba ni ya wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ihusishwe mwanzo, isije ikasikia kazi ishamalizika.

Kosa linalorudiwa kila siku ni saruji. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, kiasi cha nusu mita unene na zaidi. Zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, baada ya misimu michache lipu inabanduka na jiwe lenyewe linageuka unga. Baya zaidi ni ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Unyevu uliofungiwa unazioza pale pasipoonekana, na sakafu inashuka bila ya taarifa. Watu wote waliona sehemu ya Beit al Ajaib (Jumba la Maajabu) ilivyoporomoka Disemba 2020. Nyumba kongwe haipewi muda wa kusubiri.

Namna ya kufanya: kwaruza saruji yote mpaka jiwe lionekane. Acha ukuta upumue wiki kadhaa za kiangazi. Chokaa izimwe na ikae ndani ya maji, imefunikwa, miezi mitatu kama inawezekana. Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa pwani usitumike, una chumvi. Lowesha ukuta kabla, piga tabaka lisilozidi sentimita 1, liache likaze, ndio upige la pili. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Jua la saa 7 likilipiga tabaka bichi, unapata nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na kazi inarudiwa.

Mtini ukiota kwenye ufa, usiung'oe kwa nguvu, utatoka na jiwe. Ukate, uue kisiki, kisha ufa ujazwe chokaa na vijiwe.

#8 FundiLevo

Chokaa na Boriti, nimejifunza. Kwa majengo ya kawaida ya tofali za saruji (ofisi ya mtaa, ukumbi, darasa la chekechea) utaratibu ni wa juu kwenda chini: paa, gata, nyufa, unyevu wa chini, lipu, rangi. Rangi ni ya mwisho. Kamati nyingi huanza na rangi maana ndiyo inayoonekana kwenye picha ya uzinduzi.

Onyo la paa. Majengo ya zamani mengi yameezekwa kwa asbesto, yale mabati ya kijivu yenye mawimbi makubwa. Msiyakate, msiyatoboe, msiyasugue kwa brashi, msiyavunje kutupa. Vumbi lake linaleta saratani miaka mingi baadaye. Kabla ya kugusa, wasilianeni na NEMC (baraza la mazingira) na OSHA (wakala wa usalama mahali pa kazi). Siku ya usafi ya watu wa kujitolea isifanyike kabisa juu wala chini ya paa hilo.

Kama ni bati la kawaida, paa linavuja mara nyingi kwenye misumari. Bati linapanuka mchana na kusinyaa usiku, msumari unapanda polepole. Toa misumari iliyolegea, weka skrubu zenye mpira, na zipigwe juu ya wimbi la bati, si bondeni. Angalieni kenchi na papi (mbao zinazobeba bati) kwa kuchoma bisibisi: ikizama bila nguvu, mbao imeliwa na mchwa.

Gata na tanki. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 15 lenye mvua ya milimita 40 linapata lita 6,000, ondoa asilimia 20 za kumwagika na kuruka, zinabaki 4,800. Simtanki la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja. Gata liinamishwe sentimita 1 kwa kila mita 2, vishikizo kila sentimita 60 hadi 90. Maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege yaelekezwe nje kupitia bomba la wima lenye kifuniko chini, ndipo yanayofuata yaingie tankini. Tanki likae juu ya msingi wa zege: likijaa lina uzito wa tani 5.

Nyufa. Kabla ya kuziba, bandika vidonge vya plasta ya jasi juu ya ufa sehemu tatu, andika tarehe. Subiri miezi mitatu, mvua ziwemo. Kidonge kikibaki kizima, ufa umetulia, zibeni. Kikipasuka, msingi bado unatembea, tafuteni mhandisi. Mara nyingi chanzo ni maji ya paa yanayochimba kona ya jengo.

Mlango. Ngazi ya sentimita 30 inahitaji rampu (njia ya mteremko) ya mita 3.6, uwiano wa 1 kwa 12. Upana mita 1.2, mlango wenye nafasi wazi sentimita 90. Rampu fupi yenye mwinuko mkali ni hatari kuliko kukosa rampu.

#9 Mdau wa Dandora

Wadau, nawasalimu kutoka Nairobi. Kazi yenu ya fundi nimeipenda. Acheni niongeze upande wa pesa za kutunza, kwa sababu huku ndipo tumejaribu mengi.

Dandora ilipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ploti nyingi zimezunguka ua wa pamoja. Ua hizo ziligeuka jalala na maficho. Vijana wa Dandora Transformation League walianza ua moja baada ya nyingine: kuzoa taka, kuweka geti, kupanda maua, kisha wakapata kipato cha usafi, ulinzi na maegesho ya magari. Kila ua ni ndogo, majirani wanaonana uso kwa uso, na anayelipa anaona kazi dirishani kwake. Ukianza na uwanja wa hekta moja unaomilikiwa na mitaa mitano, hakuna anayeona pesa yake imeenda wapi.

Kibera kuna njia nyingine. Kounkuey Design Initiative walijenga na vikundi vya wakazi kandokando ya vijito, na kila eneo linachanganya vitu: vyoo na bafu vya kulipia, kioski cha maji, vibanda vya biashara, ukumbi, na gabioni (vikapu vya waya vilivyojaa mawe) za kuzuia ukingo usimomonyoke. Umande Trust wana vituo vyao ambapo choo kiko chini, kinyesi kinatoa gesi ya kupikia, na ghorofa ya juu inakodishwa. Choo peke yake hulipa msafishaji kwa shida, lakini choo pamoja na maji na chumba cha kukodisha vinaweza kujiendesha.

Fanyeni hesabu hii kabla ya kuchimba msingi. Tuseme choo kina watumiaji 80 kwa siku, ada shilingi 10 za Kenya. Ni 800 kwa siku, 24,000 kwa mwezi. Toa mshahara wa msafishaji, maji, sabuni, karatasi, kufuli na vitasa, na gari la kunyonya kila baada ya miezi kadhaa (gawanya gharama hiyo kwa miezi, msingoje siku shimo likijaa). Mkipata sifuri au chini, ongezeni chanzo kingine kwenye mchoro, au msijenge choo. Kukipa kikundi choo kisichojilipa ni kukipa deni.

#10 Kijana wa Mtaro

Mdau, na kwa huku Tanzania kikundi kinaruhusiwa kukusanya hizo ada kwenye mali ya halmashauri?

#11 Mpangamji

Hapo pana mtego, Kijana. Mali ikiwa ya halmashauri, mapato yake ni ya umma na yanapita kwa namba ya malipo ya serikali. Kikundi kikikusanya mkononi bila mkataba, viongozi wake wanaweza kujibu mashtaka hata kama kila shilingi imenunua sabuni. Kwa hiyo andikishwe mkataba wa uendeshaji kati ya halmashauri na kikundi kilichosajiliwa, wenye mambo haya kwa uwazi: ada ni kiasi gani, nani anakusanya, sehemu ipi inaenda halmashauri, sehemu ipi inabaki kwa matunzo, nani analipa matengenezo makubwa (paa, tanki, pampu), na mkataba unavunjwa vipi.

Kamati iwe ya watu 7 hadi 9. Wawemo wafanyabiashara wa pale, kijana, mtu mwenye ulemavu, na wanawake wasiwe wa kujaza nafasi tu. Akaunti ya benki watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa fedha, wasitoke kaya moja. Kila baada ya miezi mitatu mapato na matumizi yabandikwe ubaoni palepale uwanjani, kwa maandishi makubwa, pamoja na nakala za risiti. Ubao uwe na paa dogo na kioo.

Kwa maghorofa yenye wamiliki wengi, bara tuna Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, na Kenya wana ya 2020. Zote zinahitaji chombo cha wamiliki kinachosimamia ngazi, paa, tanki na ua. Kama jengo lenu halina chombo hicho, anzeni hapo. Lifti na pampu haziwezi kutengenezwa na kundi la WhatsApp lisilo na akaunti.

#12 Mama Baraza

Nimefurahi kuona mama lishe wametajwa. Basi wapewe vitu vinavyofanya kazi: kila mmoja sakafu ya mita 2 kwa 2 iliyoinuliwa sentimita 10, sehemu ya kuoshea vyombo yenye chujio la wavu, na chemba ya kunasa mafuta kabla ya maji kwenda mtaroni. Sanduku la zege la sentimita 60 kwa 60 kwa 60 lenye kizuizi katikati linatosha watu watatu au wanne, likikombwa kila wiki. Bila hilo, mafuta yanaganda kwenye mtaro, mchanga unashikwa, na mwaka mmoja mtaro umekufa. Kisha wanalaumiwa wao.

Naomba pia mtu aeleze taa. Wanawake wanaliacha eneo saa 12 na nusu, hata liwe zuri namna gani.

#13 FundiLevo

Mama, ni kweli, nilipitiwa. Taa za sola za kipande kimoja zinafaa kama mkizingatia haya. Nguzo mita 4 hadi 5. Paneli ielekee upande usio na kivuli cha mti saa 3 hadi saa 9. Kivuli cha tawi moja tu kinapunguza chaji ya siku nzima, na mti mliopanda leo utakuwa pale miaka mitatu ijayo. Betri iwe ya lithiamu fosfeti ya chuma, na muulize kabla ya kununua kama betri inabadilishwa peke yake. Taa ambayo betri yake haifunguki inatupwa nzima. Wekeni akiba ya betri mpya kuanzia mwaka wa tatu. Paneli ifutwe vumbi kila mwezi wakati wa kiangazi kwa kitambaa kibichi, bila sabuni ya unga.

Sehemu za kuanzia kuweka taa: njia ya kupita, mlango wa choo, na bomba la maji. Taa moja katikati ya uwanja ikiwa kali sana inafanya pembezoni paonekane giza zaidi, kwa hiyo bora taa nne za mwanga wa wastani kuliko moja kubwa. Boliti za nguzo ziwe za kuzamishwa kwenye zege, nati zifunikwe kwa zege dogo la mchanganyiko dhaifu ambalo fundi wenu anaweza kulivunja kwa patasi akitaka kuishusha taa.

Na ya mwisho kutoka kwangu: andikeni kwenye daftari la kamati aina ya taa, tarehe ilipofungwa, na namba ya betri. Atakayebadilisha mwaka wa tatu huenda si mmoja wenu.